Nyumba ya Buluu Isiyo Yetu

Jumatatu, 18 Mei

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa heshima ya mama yako: lifunike. Kama huwezi, soma kimya na midomo isicheze. Usimwambie mtu. Hasa usimwambie Bwana Mkuu Kostadin Shivachev wa ofisi yetu ya vibali vya mabango, wala Radostin anayekaa karibu na dirisha. Neno moja likitoka humu, mimi sina kazi. Mchumba pia sina.

Naanza.

Jina langu Evstati. Karani wa majaribio. Tuko wawili, mimi na Radostin, na meza ya kudumu ni moja tu. Ijumaa hii Bwana Mkuu atasema nani anathibitishwa na nani anakwenda zake. Mimi nina shahada na mwandiko mzuri. Radostin ana kicheko.

Sasa Severina. Mwalimu, anaishi Vidin, kaskazini kabisa, kando ya Danube. Tunaandikiana tangu majira ya baridi. Alhamisi anapita hapa Plovdiv na mama yake wakielekea baharini. Treni ya asubuhi inawashusha, ya jioni inawachukua. Anataka nimtembeze mji siku nzima. Vizuri. Anataka pia kuiona nyumba ya ukoo wetu. Si vizuri.

Nyumba sina. Nina chumba ghorofa ya nane mtaa wa Trakia, na humo nakaa pamoja na mitungi ya pilipili za siki ya Bi Bonka, mwenye nyumba wangu. Lakini mwezi wa pili, theluji ikianguka na moyo ukiwa laini, nilimwandikia Severina kwamba tuna nyumba ya buluu Mji Mkongwe, kilimani, yenye dari ya kuchonga. Nikatuma na picha. Nyumba yenyewe ipo. Niliichagua kwa uangalifu. Tangu nihamie mji huu sijawahi kuona lango lake likifunguliwa.

Mpango: nitawafikisha langoni, nitatoa funguo za Bi Bonka, nitahangaika na kitasa, nitasema kimeshika kutu. Tutatikisa vichwa, tutaendelea na safari.

Kikwazo: mtu wa majaribio hana likizo. Kumwomba Bwana Mkuu ruhusa siwezi. Ana nyusi. Akiziinua, nasahau nilichokuja kusema na wakati mwingine nasahau na jina langu.

Kwa hiyo Alhamisi nitaumwa.

Jumanne, 19 Mei

Nimeanza kukohoa, ili ugonjwa usije ukaonekana umezuka. Nilikohoa kabla ya chai, nikakohoa baada ya chai. Radostin akaniletea maji. Unafiki mtupu. Akasema, "Ndugu yangu, hicho kikohozi kinatoka shingoni, kifuani hakijafika. Kamwone daktari mapema." Ananichunguza. Mchana nilikishusha kifuani. Mbavu zinauma.

Alhamisi ina faida nyingine. Ni sikukuu ya Watakatifu Kostadin na Elena. Kila Kostadin na kila Elena anasherehekea jina lake, na sherehe ya jina haina mwaliko: mlango unaachwa wazi, anayekuja amekuja, anakula. Bwana Mkuu ni Kostadin. Ataondoka ofisini mapema akapokee watu kwake. Siku hiyo nani atahesabu makarani? Kwake ni wapi sijui. Maisha ya mkuu wa kazi hayamhusu karani wa majaribio.

Jioni nilipanda Mji Mkongwe kukagua njia. Lango la nyumba ya buluu limefungwa, paka juu ya ukuta. Ndani nilisikia mtu akifagia ua. Mfanyakazi, bila shaka. Nilifurahi kuona nyumba yangu inatunzwa.

Historia nimejifunza kwa kutembea nyuma ya kundi la Wajerumani. Kijerumani sijui. Nilitazama mikono ya kiongozi wao. Akiinyanyua juu, ni mfalme. Akiishusha haraka, ni tetemeko la ardhi.

Jumatano, 20 Mei

Ofisi nzima leo ilizungumza maua tu. Mama yake Bwana Mkuu naye anaitwa Elena, kwa hiyo nyumba moja ina majina mawili. Wafanyakazi watakwenda kesho baada ya kazi. Radostin atanunua maua. Nikasema yawe mawaridi mekundu, tena tisa. Hesabu hiyo hata mtoto anaijua: aliye hai hupewa maua witiri, shufwa ni ya maiti. Wote wakakubali. Nikamvuta Radostin pembeni. Nikamwambia, ikitokea bahati mbaya nikaamka vibaya, basi atamke mbele ya watu kwamba aliyeyachagua ni mimi, na jina langu alitaje la kwanza. Akaahidi. Akaliandika kiganjani kwa kalamu ya wino asije akalisahau. Mtu asiye na siri hata mkononi.

Kisha akaanza kuwaelekeza wenzetu nyumba ya Bwana Mkuu ilipo. Nikaona huo ndio wakati wa kuonyesha ugonjwa. Nilikohoa tangu alipofungua mdomo mpaka alipoufunga. Wote walinihurumia. Kazi nzuri.

Alhamisi, 21 Mei. Asubuhi

Nimepiga simu. Akapokea Bwana Mkuu mwenyewe, mtu aliyefika kazini kabla ya mfagizi. Nikakohoa, nikamtakia heri ya jina, nikakohoa tena. Akasema, "Lala, kijana. Kunywa chai ya maua, funika kifua." Sauti ya upole. Dhamiri iliniuma muda wote wa kuvaa viatu.

Alhamisi hiyo hiyo, treni imekwisha kuondoka

Naandika nikiwa kwenye benchi la stesheni. Nitajaribu kwenda kwa utaratibu.

Severina ni mrefu kuliko picha yake. Akicheka hufumba macho. Mama yake, Mama Rumena, ni mfupi, mpana, na alibeba kikapu cha stroberi alizochuma mwenyewe. Alinitazama viatu, kisha meno, kisha akanipa begi lake. Akasema, "Haya mwanangu, tuonyeshe huo mji wenu, lakini pole pole, mimi nina magoti mawili tu."

Tukaanza na uwanja wa Warumi ulio chini ya barabara kuu. Nikasema hapa Warumi walikuwa wakikimbia. Mama Rumena akauliza walikuwa wanakimbia nini. Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Tukapanda kwenye ukumbi wao wa maigizo, ule wa marumaru. Tukakaa. Baridi ya jiwe ikapanda. Mama Rumena akauliza kama Warumi walikuwa na mito ya kukalia. Nikasema walikuwa watu jasiri. Severina akafumba macho. Nikahesabu hilo kuwa ushindi.

Baada ya hapo njia ilipaswa kupita mtaa wa ofisi yetu. Haikuwezekana. Nikawazungusha. Bahati mbaya mzunguko wenyewe ulikuwa ukirudi pale pale, mbele ya kinyozi mmoja aliyeketi mlangoni akila mbegu za alizeti. Mara ya kwanza alituamkia. Mara ya pili aliamkia Mama Rumena peke yake. Mara ya tatu akasema, "Kijana, mkipita tena nawanyoa bure." Nikamweleza Severina kwamba Plovdiv watu hawana haraka, na mji lazima uonwe kutoka pande zote. Mama Rumena akasema pande zote amekwisha kuziona, na zote zina kinyozi.

Tukapanda Mji Mkongwe. Mawe ya njia huko ni ya mviringo kama mikate, yanateleza. Mama Rumena alishika mkono wangu mmoja, Severina akashika wa pili. Mama Rumena akasema aliyeyapanga alikuwa amegombana na wakwe zake. Nilikuwa na furaha. Naiandika hiyo ili ibaki.

Ndipo tukakunja kona.

Lango la nyumba ya buluu lilikuwa wazi. Wazi kabisa, mabawa yote mawili. Uani kulikuwa na kinanda cha mkononi kikilia, harufu ya kondoo wa kuoka, watu wakiingia na kutoka na glasi. Paka yuko pale pale ukutani, mfupa mdomoni.

Severina akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo yenyewe." Mama Rumena akaachia mkono wangu, akajifunga kitambaa upya. Akaniuliza kwa nini sikusema kwamba kwetu leo kuna sherehe ya jina. "Nani kati yenu? Kostadin au Elena?"

Nikasema, "Mjomba." Nikaongeza, "Mjomba Kostadin." Neno lilitoka lenyewe, kama chafya.

Hapo akili ikafanya kazi. Wallahi sijui ilitoka wapi. Nilijiambia: sherehe ya jina haina mwaliko. Anayeingia haulizwi ametoka wapi. Kila mgeni atadhani najulikana na mgeni mwingine. Tutaingia, tutakula kidogo, nitaonyesha dari, tutatoka. Nyumba itakuwa yetu kwa nusu saa, na hakuna atakayejua. Kitasa chenye kutu kingekuwa aibu ukilinganisha na hili. Nikaingia mbele, kifua mbele.

Mlangoni alikuwa bibi kizee mdogo, kitambaa cheupe kichwani. Akatubusu wote. Akasema, "Sura zenu sizikumbuki, wanangu, lakini siku hizi sikumbuki sura ya mtu. Kuleni." Huyo ndiye Bibi Elena. Akatulisha kila mmoja kijiko cha utamu mweupe wa sukari iliyopikwa na maji baridi. Mama Rumena akampa kikapu cha stroberi. Papo hapo wakaanza kubishana kuhusu jamu, limau liingie lini, na kwa dalili zote walikuwa marafiki wa tangu utoto.

Mimi nikampandisha Severina ghorofani. Dari ilikuwepo! Jua kubwa la mbao, miale kila upande. Nikamwambia kwamba babu wa babu yangu alimpa mchongaji msimu mmoja wa baridi na pipa moja la divai. Divai ikaisha kabla ya baridi. Mchongaji akampenda mpishi wa nyumba, na kila alipomwona akipita uani aliongeza mwale mmoja, ndiyo maana upande wa dirisha miale imebanana. Nilipogeuka, nyuma yangu kulikuwa na watu wamesimama na glasi zao, wanasikiliza. Bibi Elena naye amepanda. Akasema, "Nimekaa chini ya dari hii tangu nilipoolewa, hilo sikulijua." Akafuta jicho.

Nikapata moto. Nikaonyesha picha ya mzee iliyoning'inia juu ya kabati. Nikasema, "Na huyu hapa ndiye babu yangu mzaa mama, mtu mkali lakini mwenye..."

Nikaishia hapo. Nyusi. Nyusi zile nazijua.

Nikasikia hatua kwenye ngazi. Bwana Mkuu akatokea amebeba sinia la nyama, aproni kiunoni. Akaniona. Nyusi zikaanza kupanda. Zilipanda taratibu, kama lifti ya jengo letu siku inapofanya kazi.

Mama Rumena, nyuma yake, akauliza, "Huyu ndiye mjomba wako Kostadin?"

Bwana Mkuu akanitazama. Akamtazama Severina, kitambaa cha Mama Rumena kilichofungwa upya, kijiko nilichokuwa bado nimekishika. Mgeni wa siku ya jina haulizwi kwa nini amekuja. Hiyo ni sheria kongwe kuliko ofisi yetu. Akasema, "Evstati. Umepona."

Nikasema nimepona, Bwana mjomba.

Akamgeukia Mama Rumena. Akamwambia, "Mpwa wangu asubuhi alikuwa na hali mbaya sana, mama. Nilidhani tutampoteza." Akaniwekea kipande cha nyama kwenye sahani, kipande kizuri, cha mbavu. Akasema, "Bado tunaweza kumpoteza." Akaenda kuwagawia wengine.

Msomaji, hapo nilikuwa nimeokoka. Naliona hilo sasa. Ilibaki kukaa, kula nyama, kuaga.

Lakini nilishuka kunawa mikono, na kwenye ukumbi wa chini nikamwona Radostin. Wafanyakazi wenzetu walikuwa nje langoni wakisalimiana. Yeye ametangulia, ameinama anavua viatu, na mawaridi tisa ameyalaza juu ya sanduku karibu na mlango. Mgongo wake umenigeukia. Wazo likaniingia bila hodi. Kesho ndiyo kesho. Mtu anayempelekea mama wa Bwana Mkuu maua ya maiti, je, anathibitishwa kazini? Nikachomoa waridi moja. Nikaupanga utepe vizuri. Mama Rumena alikuwa akishuka ngazi, nikampa. Akasema, "Jamani, kijana ana adabu," akalitia kwenye begi lake. Mimi nikajibanza sebuleni, nyuma ya jiko la vigae.

Radostin akaingia sebuleni na wenzake. Akasafisha koo. Akatazama kiganja chake. Akasema kwamba maua haya ni ya ofisi nzima, ila aliyeyachagua, na anayestahili kutajwa wa kwanza, ni Evstati, ambaye leo yuko kitandani anaumwa na ambaye hata katika ugonjwa wake alimfikiria Bibi Elena. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimesahau ile ahadi.

Bibi Elena akayapokea. Wazee wote hufanya vile: kidole gumba kikapita juu ya vichwa vya maua, kimoja baada ya kingine, midomo inacheza. Kidole kikasimama. Kikarudi mwanzo. Kinanda kikanyamaza.

Akasema, "Nane."

Akaketi. Akamwita mwanawe kwa jina la utotoni. Akamuuliza, "Kocho, nani amenizika?"

Radostin alikuwa mweupe kama shati lake. Akageuka kutafuta pa kushika, akaniona nyuma ya jiko. Akasema, "Evstati?"

Nikakohoa. Mazoea.

Severina ndiye aliyenishika mkono akasema treni haisubiri. Njia nzima ya kushuka alitembea hatua mbili mbele yangu. Mama Rumena hakugundua lolote. Alisikitika tu kwamba mtu fulani asiye na malezi ameharibu sherehe nzuri, na akafurahi kwamba amepata namba ya simu ya Bibi Elena kwa ajili ya mambo ya jamu. Dirishani mwa treni Severina akaniambia, "Na mjomba wako mnafanana kila kitu, isipokuwa uso." Treni ikaondoka kabla sijajua kama ni sifa.

Ijumaa, 22 Mei

Nilifika wa kwanza. Bwana Mkuu alikuwa amefika kabla ya wa kwanza.

Akatuita wote wawili. Kuhusu ugonjwa hakusema neno. Kuhusu mjomba pia. Alisema mama yake hakupata usingizi. Usiku kucha ameuliza nani anamtakia kifo. Asubuhi ameagiza padri. Anataka kujua ua la tisa liko wapi, na kabla ya kumaliza mambo ya meza ya kudumu, yeye pia anataka kujua.

Radostin akasema huenda lilidondoka njiani, kwenye mawe, na kama ni hivyo kosa ni lake, hakuangalia. Mjanja. Anajitwisha kosa ili aonekane mwungwana. Hila hiyo naifahamu.

Bwana Mkuu akanigeukia. "Na wewe, Evstati?"

Nilikuwa na nafasi. Sikatai. Ulimi ulikuwa umekwisha kukunjuka kusema kweli. Nyusi zikasogea, nikajisikia nikisema kwamba wauza maua wa siku hizi hesabu hawakusoma.

Simu ikalia. Bwana Mkuu akapokea, akasema, "Ndiyo, mama." Kisha akasikiliza. Sauti ya Bibi Elena ilikuwa inavuka meza. Mwanzo nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Mama Rumena alimpigia simu kutoka baharini kuuliza limau. Katika mazungumzo akamshukuru kwa waridi zuri ambalo yule mpwa wao mpole alimchomolea kutoka kwenye shada, na kwamba bado halijanyauka.

Bwana Mkuu akaweka simu chini. Nyusi zilipanda zikafika mahali ambapo sijawahi kuziona. Radostin alitazama sakafu. Wa kwanza kuona aibu alikuwa yeye, sijui kwa nini.

Bwana Mkuu akasema, "Mama yangu amefarijika. Anasema hakuna mtu anayemtakia kifo, kumbe ni mjinga tu mmoja." Kisha akasema meza ni ya Radostin. Mimi nilistahili kufukuzwa kabla ya chai, lakini mama yake amekataza, kwa sababu hadithi ya mchongaji na mpishi imempendeza na usiku, alipokosa usingizi, alikuwa akiitazama dari. Kwa hiyo majaribio yangu yanaanza upya. Nitakaa chini ya jengo, kwenye ghala la mabango ya zamani. Na kila Jumapili nitampelekea Bibi Elena waridi, mpaka atakaposema yatosha.

"Waridi moja," akasema. "Moja unaweza kuhesabu?"

Nikasema naweza.

Mchana Radostin alishuka ghalani na kipande cha banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini, alichooka mke wake. Akasema, "Kula, ndugu. Huko juu kubaya, dirisha linaingiza baridi." Nikaila yote, ila sikudanganyika. Amekuja kuonyesha kwamba ana dirisha.

Jumamosi, 23 Mei

Ujumbe wa Severina. Naunakili, nina muda.

"Bibi Elena amemwambia mama kila kitu. Mama amecheka mpaka akamwaga jamu. Mimi sikucheka sana. Hadithi ya yule mchongaji niliipenda, nyumba sikuijali. Mwezi wa nane tutakuwa Vidin. Ukija, njoo wewe Evstati wa ghorofa ya nane. Mjomba mwache."

Niliusoma mpaka Bi Bonka akagonga kuuliza kama nimekufa au anaweza kuingia kuchukua mtungi. Nikamsomea na yeye. Akasema, "Mwanamke amekufungulia mlango, mwanangu. Ingia tu kwa miguu yako. Usipitie dirishani."

Ushauri mzuri. Nimeutafakari sana, na kiini chake nadhani nimekipata: anapenda hadithi.

Nikamjibu Severina kwamba tangu leo nitasema kweli tupu. Nikaapa. Kisha nikaona kweli tupu inaonekana fupi kwenye simu. Nikaongeza kwamba mambo kazini yamebadilika ghafla, nimekabidhiwa idara nzima ya chini, ina vitu vingi vya kihistoria, na niko peke yangu katika uongozi wake. Kila neno ni kweli. Nikaongeza pia kwamba ile nyumba ya buluu sasa nimepangiwa kufika kila Jumapili, kwa ombi la wenyewe. Hilo nalo ni kweli. Sijawahi kuwa mkweli namna hii. Inachosha kidogo.

Jumapili, 24 Mei

Sikukuu ya herufi zetu. Wanafunzi wanaandamana na bendi, walimu wamebebeshwa mashada. Laiti hilo ningelikumbuka jana. Mjini hakuna ua hata moja. Duka la kwanza limebaki na ndoo. La pili limebaki na ndoo. La tatu wamefunga wakaenda kutazama maandamano.

Kwenye bustani, chini ya sanamu ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, palikuwa na shada kubwa la mawaridi lililowekwa na viongozi asubuhi. Mazuri, mekundu, bado yana maji. Nilisimama nikatafakari. Waridi ni waridi. Halijui limeletewa nani. Nikasubiri bendi ipite, nikachomoa moja. Sasa marehemu ana witiri, lakini yeye hahesabu.

Utepe mweusi wa maombolezo uliofungwa kwenye shina niliutoa karibu wote.

Bibi Elena alinipokea vizuri. Akapitisha kidole gumba juu ya ua, midomo ikacheza, akafika moja, akatabasamu. Akauliza nimelitoa wapi zuri hivi. Nikasema bustanini kwetu. Akalitia kwenye glasi, chini ya picha za watakatifu. Akaniagiza nimsimulie tena habari za mpishi, na safari hii mpishi alikuwa na dada. Wakati naondoka alikuwa amesogeza glasi karibu na macho na anavuta kitu kwenye shina, uzi mdogo mweusi. Pengine ni mdudu.

Basi. Wewe uliyesoma mpaka hapa umeshakuwa mtu wangu wa karibu, na huenda ukahitaji kunipata. Usipige simu ofisini. Simu ya juu anapokea Radostin, na ghalani hakuna simu. Trakia usije, Bi Bonka atakusomea jumbe zangu. Njoo Jumapili, Mji Mkongwe, panda kwa njia ya kinyozi. Akikuuliza, sema wewe ni wa mara ya kwanza. Ukiwa na maua, yafiche mpaka nikukute. Kuhesabu niachie mimi.

Kama wewe ni Bwana Mkuu, humu hamna lolote, ni mazoezi ya mwandiko.

Na kama ni Severina: gonga lango la buluu, useme unamtafuta mwenye nyumba. Bibi Elena ana sikio moja linalosikia na magoti mabaya, hawahi mlangoni. Nitafungua mimi.